Ugali Chini ya Madigadi

Vijana wangu, kabla hamjaniamini kwa lolote, jueni kwamba mimi ni mwoga. Nimefungua na kufunga pikipiki za watu tangu nilipotoka shule na cheti changu cha kidato cha nne mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa, na muda huo wote sikuwahi kuwa na pikipiki yangu mwenyewe. Nilikuwa natoka kazini, napanda basi, nashuka Uthiru, navua viatu, naketi. Kuketi ndicho kipaji nilichopewa. Mama Wanja, mke wangu, husema siku nitakapokufa hakuna atakayegundua mpaka kiti kianze kulalamika kwamba kimechoka.

Lakini msiudharau woga. Fundi jasiri hufunga nati mara moja akaenda kula. Fundi mwoga hufunga nati, akaondoka, akarudi akaishika, akaenda kunawa mikono, akarudi akaishika tena huku mikono ina sabuni. Pale gereji waliniita "Tena". Mteja akifika aliuliza, "Tena yuko?" Nilikuwepo. Ningeenda wapi?

Siku hizi mnanisimamisha hapo dukani mnaniuliza kuhusu kushusha kruza. Kwa asiyezijua, kruza ni zile pikipiki nzito, ndefu, zenye usukani mpana, ambazo dereva anatanguliza miguu mbele na kujiegemeza nyuma kama mtu aliye kwa kinyozi anangoja kunyolewa ndevu. Wanaotaka kuzishusha ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mfupi, miguu yake haifiki chini, na kila taa nyekundu ni mtihani. Wa pili ana miguu mirefu kama korongo lakini ameona picha kwenye simu. Wa kwanza namhurumia. Wa pili naye namhurumia, ila kwa sababu nyingine.

Springi za pikipiki ziko pale ili barabara ikikurushia ngumi, ngumi ipokewe na chuma badala ya kiuno chako. Ili ipokewe, lazima kuwe na nafasi ya kurudi nyuma. Bondia asiyeweza kurudi nyuma hupigwa usoni. Ukishusha pikipiki umeikata nafasi hiyo, basi. Mengine yote nitakayowaambia ni maelezo ya jinsi ngumi ile inavyofika.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Makokha, mtu wa Magharibi, fundi mkuu wa gereji moja iliyokuwa nyuma ya maduka pale Hurlingham. Alikuwa mfupi, mkali, na aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya ambayo nadhani alikuwa anaifanyia mazoezi. Tulimwogopa kuliko polisi. Alikuwa na sheria mbili kuhusu springi, na hazikuvunjwa hata siku moja.

Sheria ya kwanza: aliyegusa springi ndiye atakayeketi nyuma pikipiki ikitoka mara ya kwanza. Mwenye pikipiki anaendesha, fundi anabebwa. "Kama umefunga vizuri," alikuwa akisema, "unaogopa nini?" Mimi nilikuwa nimefunga vizuri na bado naogopa, lakini hilo halikumhusu.

Sheria ya pili ilikuwa ugali.

Msicheke. Mzee Makokha alikuwa akiosha upande wa ndani wa madigadi ya nyuma, lile bati linalofunika tairi, kwa maji moto na sabuni, akaukausha kwa kitambaa kisafi kama anayemfuta mtoto shingo, kisha akachukua tonge la ugali wa moto, ule mgumu wa kwao, akalibandika pale juu ya tairi. Likipoa linashika kama simenti. Unene wake ulikuwa pingili moja ya kidole gumba, kwa maana hiyo ndiyo nafasi aliyotaka ibaki kati ya tairi na madigadi hata pikipiki ikibeba watu wawili na kupigwa na tuta. Mnatoka, mnazunguka, mnarudi. Tonge likirudi zima, kazi imekubalika. Likirudi limesuguliwa, rudi chini ya pikipiki. Na likirudi zima, Mzee Makokha alilibandua, akalikata katikati, akampa fundi nusu. "Kula kazi yako," anasema, na anakutazama mpaka umeze.

Mimi mara ya kwanza nilitema. Aliniambia mtu anayeogopa kula kazi yake asimpe mwingine aiendeshe. Mara ya pili nilimeza.

Enzi zile kushusha kulikuwa kwa kikatili. Mtu anakata mizunguko kadhaa ya springi kwa msumeno, au anaichoma kwa moto wa gesi mpaka inyong'onyee. Springi iliyochomwa ni kama mtu aliyevunjwa moyo: inasimama, inakutazama, lakini haina haja na wewe tena. Nyinyi mmeendelea. Mnaagiza vyuma kwa simu, vinakuja na karatasi ya maelezo na boliti zinazong'aa. Kinachouzwa sana ni zile bamba mbili za kuhamisha mguu wa shoki, ile nguzo inayobeba springi; unafungua boliti ya chini, unaisogeza shoki nyuma, inalala, pikipiki inashuka, kazi ya muda wa kunywa chai. Bamba hizo mimi sizifungi. Nitawaambia kwa nini.

Wanja ni binti yangu, mtoto wangu wa kwanza. Amechukua jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo humwita Mami, na hiyo ni hasara kubwa kwa mzazi, maana huwezi kumgombeza mtu unayemwita Mami akakusikia. Anafanya kazi ya maabara katika zahanati moja mjini. Urefu amerithi kwa kina mama yake, yaani hakurithi. Na mwaka huu, bila kuniuliza, akanunua kruza.

Niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimo kitini. Ule mngurumo wa chini, mzito, unaoingia kwa miguu ya kiti kabla ya masikio. Nikatoka. Wanja alikuwa ameiegesha nje ya geti, anavua helmeti, anacheka. Mimi sikutazama rangi, wala injini, wala vyuma vilivyokuwa vinang'aa. Niliona imesimama wima.

Pikipiki iliyo kwenye stendi ya pembeni huinama kidogo, kama mtu anayesubiri rafiki. Ikishushwa na stendi isifupishwe, stendi inakuwa ndefu mno, na pikipiki inasimama wima kama askari wa gwaride. Upepo wa lori unaweza kuilaza upande wa pili. Tulikuwa na mteja wa Parklands, mtu mpole sana, ambaye yake iliangukia geti la jirani lililopakwa rangi asubuhi ileile. Kwa hiyo stendi peke yake ilinitosha. Nilijua imeshushwa.

"Sasa, Baba! Si ni kali?"

"Ni kali. Nani ameishusha?"

"Ai, hata hujanisalimia."

"Nakusalimia, Mami. Nani ameishusha?"

"Brayo. Fundi wa Kawangware, ako juu kabisa. Cheki, saa hii miguu yote inafika chini." Akapanda, akakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, akanitazama kama alivyonitazama siku aliyojifunza kufunga kamba za viatu. "Na hivi imekuwa laini, Baba. Inaenda kama kitanda."

Neno hilo, kitanda, ndilo lililonimaliza.

Mlango ukafunguka, Mama Wanja akatoka. Alikuwa amevaa suruali. Vijana, mwanamke huyu tangu tuoane amekuwa akisema suruali ni ya wanaume na watalii. Sasa alikuwa na suruali mpya ya jinzi imekunjwa chini, na skafu ya kichwa ameifunga tayari.

"Tunaenda kujaribu helmeti yangu mpya," akasema. "Kesho mimi na mwanangu tunapanda Limuru. Dada yangu ana sherehe ya shukrani. Wewe utabaki ukilinda kiti."

Limuru. Barabara ya kupanda ile, malori ya mizigo yanashuka kwa breki za moto na mengine yanapanda kwa moshi, na katikati yao mke wangu akiwa nyuma ya binti yangu, juu ya pikipiki iliyo laini kama kitanda.

Nikachuchumaa, magoti yakapiga kelele, nikachungulia nyuma. Zilikuwepo zile bamba mbili. Shoki zimelala.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Shoki ikilazwa hivyo inakuwa nyepesi kukandamizika. Dereva mwepesi akiwa peke yake anahisi raha tupu. Mashimo madogo hayasikiki. Anamwambia kila mtu, imekuwa laini. Ile raha anaitoa katika nafasi ya springi, na akiongeza mtu wa pili nafasi inakuwa karibu imekwisha kabla hata hawajatoka getini. Tuta linalofuata halikuti springi. Linakuta chuma kwa chuma. Pikipiki ngumu inakuonya kila siku, na kiuno kinauma mpaka unarudi kwa fundi. Laini inakubembeleza mpaka siku yenyewe.

Nikatia vidole kati ya tairi na madigadi Wanja akiwa amekaa. Vikaingia vyote vinne. Nikamwambia mama yake apande nyuma. Kikaingia kimoja.

"Na bado haigusi," akasema Wanja.

"Haigusi ikiwa imesimama. Limuru hamwendi mkiwa mmesimama."

"Baba, wewe unaogopa hata ngazi."

"Ukweli," akasema mama yake kutoka juu kule. "Taa ya sebuleni ikizima huwa nabadilisha mimi."

Nikaomba namba ya huyo Brayo, nikampigia. Akashika, nyuma yake kuna kelele za nyundo.

"Niaje mzee wangu?"

"Mzima. Mimi ni babake Wanja, yule wa kruza. Nilikuwa nauliza tu, ulipomaliza uliketi nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya dereva. Mkatoka wawili."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mzee, mimi nilimpea tu ufunguo akaenda. Alirudi akasema iko sawa. Hiyo kitu naweka kila wiki, hakuna mtu amewahi kurudi."

Hakuna mtu amewahi kurudi. Alimaanisha vizuri, lakini mimi nilisikia kingine, nikakata simu.

Ningemkataza? Ana mshahara wake na funguo zake, na ana jina la mama yangu. Ningemkataza mama yake? Alikuwa amenunua suruali. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo sikuitambua: "Basi kwanza tutoke wewe na mimi. Nitakaa nyuma."



"Wewe?" Mama Wanja akashuka ili anione vizuri. "Baba Wanja, wewe upande hii?"

"Mimi na wewe uzito wetu ni mmoja."

"Usitangaze hapa kwa geti!"

"Na uniwekee maji ya ugali. Kidogo tu. Mgumu."

Walidhani nataka kula mara ya mwisho. Sikuwasahihisha, maana sikuwa na hakika.

Nikaosha madigadi, nikaikausha, nikabandika tonge. Hakukuwa na nafasi ya pingili ya kidole gumba, nikalibana jembamba kama chapati. Wanja alisimama akinitazama. Halafu akanipa helmeti ya mama yake, yenye maua ya zambarau, nikapanda.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilishika kiuno cha mwanangu kama mtu anayevuka mto. Tuliposhika Waiyaki Way kuelekea Kangemi, nikagundua kwamba ilikuwa kweli laini. Ilikuwa inaelea. Hapo nikaogopa zaidi, kwa sababu nyuma ikishuka na mbele isishuke, uzito wote unarudi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani unaanza kutangatanga kama ng'ombe asiye na kamba. Nilimwona Wanja akiusahihisha kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kujua anafanya hivyo. Lori likatupita. Upepo wake ukatusukuma, usukani ukatikisika, ukatulia. Chini yangu nikasikia kitu kidogo: fsss. Kikanyamaza. Fsss.

"Umesikia?" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Punguza mwendo!"

"Baba, tunapitwa na baiskeli!"

Tukaacha barabara kubwa, tukaingia Lavington, tukateremkia Muthangari, kwenye zile njia zenye nyua za kayaba ya miiba na mageti marefu. Kulikuwa na kivuli. Nilianza kuamini kwamba tutarudi. Mbele kulikuwa na kona ya kuteremka, Wanja akaiingia vizuri, polepole, kama mtu aliyefundishwa. Kibao cha miguu kikagusa lami. Hapo awali, kabla ya kushushwa, kingekuwa juu na kona ile isingekuwa kitu. Sasa kikakwaruza, krrrr, nikaona cheche kando ya kiatu changu. Na mara tu baada ya kona, bila alama wala rangi, tuta.

Gurudumu la mbele likapanda, likashuka. La nyuma likapanda, na halikushuka. Nilisikia pigo likiingia kwenye uti wa mgongo, bila springi yoyote katikati, kisha mlio wa tairi likiuma bati. Gurudumu likasimama. Kwa kitambo kifupi sana lilikoma kuzunguka wakati sisi bado tunakwenda. Nyuma ikatoka kando, ukuta wa kayaba ukageuka ukaja mbele yetu, nami nikapiga ukelele ambao walinzi wa mtaa mzima waliusikia. Nililia, "Mami!"

Tairi likajiachilia. Wanja akaishika, sijui vipi, akaipeleka kwenye nyasi, ikasimama futi moja kutoka kwenye ua. Injini ikazima. Ndege walikuwa wanaimba, jambo ambalo niliona ni utovu wa adabu.

Askari wa geti lililokuwa karibu akaja akikimbia na rungu. Akatutazama, akatutikisa mabega, akaona tuko wazima. Kisha akainama nyuma ya pikipiki na kubaki ameinama.

"Mzee," akasema, "hii pikipiki yenu inakula ugali?"

Tonge halikuwepo. Lilikuwa limesambaa juu ya tairi lote, unga mweupe mpaka kwenye boliti, na pale lilipokuwa limebandikwa, bati lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Kando yake, waya wa taa ya breki ulikuwa umetafunwa ukakatika. Nikamwambia Wanja ashike breki. Taa haikuwaka. Lori lililokuwa nyuma yetu kule Waiyaki Way halingejua kwamba tunasimama.

Wanja alivua helmeti.  Akapitisha kidole pale kwenye bati lililosuguliwa.

"Baba, na kama angekuwa Mama?"

 Nilitazama maua ya zambarau kwenye helmeti niliyokuwa nimeishika, mpaka askari akatuletea maji.

Baadaye, tulipokuwa tukiikokota kwenda kuipandisha kwenye pikapu ya jirani yetu aliyekuja kutuchukua, Wanja alianza kurudi katika hali yake. "Lakini Baba, mbona uliniita vile? Nilikuwa naendesha, ungetaka nifanye nini?"

"Sikuwa nakuita wewe," nikasema. "Nilikuwa naita mwenye jina."

Brayo alikuja alasiri na spana zake. Ni kijana mzuri, nisiwadanganye, mikono safi na boliti hazipotezi. Aliponiona nimekaa juu ya kreti nyuma ya pikipiki hakujitetea sana. "Lakini mzee, huyu madam miguu haifiki. Sasa ningefanya aje?"

Swali zuri, nalo ndilo mnaloniuliza nyinyi. Jibu ni kwamba miguu haifiki chini kwa sababu ya upana pia, wala si urefu peke yake. Kiti cha kruza ni kipana kama meza. Mapaja yanaenda pembeni kabla hayajaanza kuteremka. Tukatoa ngozi ya kiti, tukakata sponji kwa kisu cha mkate, pembe za mbele tu, kidogo kidogo, Wanja akipanda na kushuka mpaka akachoka kutukasirikia. Tukarudisha shoki mahali pake pa asili. Tukazikaza springi kwa ajili ya watu wawili. Tukaunganisha waya wa breki na kuufunga mbali na tairi. Bamba za Brayo nikamrudishia, akaziangalia kama mtu aliyerudishiwa barua ya mapenzi. Viatu, Wanja ana jozi ya buti zenye soli nene, nikamwambia hizo ndizo za pikipiki kuanzia leo, za mitindo abaki nazo ofisini.

Mwishoni akakanyaga chini. Hazikuwa nyayo nzima. Ni sehemu ya mbele ya nyayo, na visigino vimeinuka kidogo.

"Sasa haifiki kama asubuhi," akasema.

"Kwenye taa unahitaji mguu mmoja uliofika vizuri. Sogea kidogo upande wake. Miguu mingine miwili ni magurudumu."

Kisha nikabandika ugali, safari hii mnene kama alivyotaka marehemu Makokha, nikamtazama Brayo. Yeye akanitazama.

"Mzee, mimi?"

"Umegusa springi."

Kwa kuwa Brayo ni mwembamba kama spoki, Mama Wanja akamfunga mgongoni mfuko wa viazi, ili uzito ufike kwake. Wakaondoka, waende mpaka kwenye lile tuta na warudi. Mimi nilibaki getini nikisikiliza mpaka mngurumo ulipopotea. Waliporudi Brayo alikuwa rangi ya jivu. Tonge lilikuwa zima. Nikalikata nusu, nikampa: "Kula kazi yako." Yeye alimeza mara ya kwanza, kwa hiyo amenipita.

Mngedhani woga uliishia hapo. Kazi imekubalika, ugali umerudi. Lakini tonge linakuambia kuhusu tairi na madigadi. Halikuambii kuhusu lori la mtu mwingine, wala mvua ya Limuru inayokuja bila kubisha, wala kona ambayo hujawahi kuiona. Jumapili asubuhi Mama Wanja alipanda nyuma na suruali yake, akafunga helmeti ya zambarau, akaniambia, "Chakula kiko kwa sufuria. Kiti unajua kilipo."

Sikukikalia. Siku nzima, vijana, mimi niliyezaliwa kuketi, nilitembea kutoka jikoni hadi getini. Nilizishika tena nati zote kichwani mwangu. Boliti ya chini ya kushoto, nilikaza? Nilikaza. Nilirudi nikaishika? Nilirudi. Nani alifunga ya kulia, mimi au Brayo? Kila lori lililonguruma kule juu barabarani liliingia ndani ya kifua changu. Kanisani sikwenda, maana ningesali mpaka niwachoshe wengine. Chakula kikapoa kwa sufuria.

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani niliposikia mngurumo. Nikatoka nikakuta geti nimeshalifungua.

Mama Wanja akashuka kwanza, miguu imemganda, uso umekauka kwa upepo, anaongea kabla helmeti haijatoka. Kwamba dada yake hakuamini. Kwamba lori moja liliwapigia honi na yeye akalipungia mkono. Kwamba suruali ni nguo ya maana sana, kwa nini sikumwambia.

 Wanja aliweka stendi, na pikipiki ikainama vizuri, kama mtu anayesubiri rafiki. Kisha akapiga goti nyuma, akaingiza mkono chini ya madigadi.

Mimi asubuhi ile sikuwa nimebandika chochote.

Akautoa mkono. Lilikuwa tonge la ugali, la kijivu kwa vumbi, limekauka, zima, na alama za vidole vyake bado zimo pale alipolibana kabla sijaamka. Akalivunja katikati, akanipa nusu, na nusu akabaki nayo mwenyewe.

"Kula kazi yako, Baba."

"Tema hicho kitu, utaumwa tumbo!" akasema Mama Wanja.

Wanja alikuwa ananitazama mpaka nimeze. Nikameza, na mchanga wake.